Tochi Isiyoingia Maji

Basi halijatoka kituoni, nahodha kijana ameshaitoa tochi yake mpya kumwonyesha mama aliyekaa naye, mpishi wa boti nyingine. Nyuma yao, mwenye duka aliyemuuzia asubuhi ile akatega sikio, kifua mbele.

“Ndogo hivi, mama, na haiingii maji.”

“Hata yangu haikuingia maji,” mpishi akasema. “Ilinichoropoka mkononi, ikazama huku inawaka. Nadhani samaki wanaitumia mpaka leo. Yako inaelea?”

Nahodha akaipimapima kiganjani. “Mwenye duka aliniapia haiingii maji.”

“Na kuelea alisemaje?”

“Hilo hakuligusa.”

Mwenye duka akajishughulisha na dirisha. Miaka tisa anauza tochi za botini, na swali hilo hajawahi kuulizwa wala kujiuliza.

“Ila ni mama muungwana,” nahodha akamtetea.

“Muungwana, ndiyo. Lakini botini hupandi naye.”

Basi likasimama. Mwenye duka akavuta mtandio hadi puani, akapita ubavuni mwao. “Ifunge kamba, mwanangu,” akanong’ona, akashuka upesi.

“Unaona? Hata wapita njia wanajua,” mpishi akasema.

Nahodha alikuwa anachungulia mlangoni. “Sauti ile ile,” akasema, “ndiyo iliyoniapia.”