Mluzi wa Randa

Dada: Haloo, duka la dawa hapa. Nani mwenzangu?

Kaka: Nani tena hukupigia ukiwa na foleni? Kaka yako, seremala maarufu!

Dada: Maarufu kwa makelele. Shikamoo, kaka. Mbona unafoka?

Kaka: Marahaba. Sifoki, mtandao wenyewe— (mkwaruzo) —umesikia? Ongeza sauti.

Dada: Mgongo vipi?

Kaka: Afadhali. Niwekee kopo jingine la aspirini.

Dada: Lile la juzi je?

Kaka: Lishakwisha. Vidonge vinne asubuhi, vinne mchana, vinne jioni. Vya kulalia sihesabu.

Dada: We kaka! Na masikio? Hayapigi mluzi?

Kaka: Masikio mazima kabisa. Mluzi ni wa hii mashine ya randa, wiki ya pili sasa! Nimebadilisha beringi, nimebadilisha mkanda, grisi nimepaka mpaka paka wa jirani kateleza. Bado tu, ngwiii!

Dada: Hata sasa unausikia?

Kaka: Tena sana.

Dada: Basi izime tuongee.

Kaka: Nizime nini? Iko sakafuni vipandevipande tangu asubuhi.

Kaka: Haloo? Umekata?

Dada: Nipo. Nakungoja ufike.

Kaka: Nifike wa— Lo. Jamani.

Dada: Umefika.

Kaka: Kumbe ni mimi! Na beringi ilikuwa nzima!

Dada: Sikiliza. Ndani kabisa ya sikio kuna maji ya chumvichumvi, na vinyweleo vinavyocheza humo sauti ikiingia. Chumvi hizo ndizo betri yake. Kelele zikizidi, vinyweleo vinachoka, vinajitengenezea sumu. Halafu wewe unavimwagia aspirini, inavilegeza—

Kaka: Maskini, vimebanwa kotekote.

Dada: Bahati yako ni aspirini. Ukiiacha, mara nyingi sikio hurudi baada ya siku chache. Ziko dawa za sindano ambazo zikiliharibu sikio, halirudi. Na kinyweleo kikifa kwa kelele, hakioti tena.

Kaka: Nywele za kichwani zilishanihama, sasa na za ndani?

Dada: Usicheke, kaka, naogopa mwenzio. Mtoto hajambo?

Kaka: Huyo? Mtulivu huyo! Mama yake katoka, nimemlaza hapa nyuma yangu. Miezi miwili, hana usumbufu. Mama yake ndiye hung'ang'ania eti analia usiku kucha, eti mimi najifanya—

Dada: Kaka.

Kaka: —najifanya nimelala—

Dada: Kaka, mimi namsikia. Analia.

(Mkwaruzo wa kiti.)

Kaka: Mdomo wazi, dada. Machozi mpaka shingoni.

Dada: Mbebe.

Kaka: Njoo kwa baba. Njoo, njoo... Ee, hapa begani namsikia. Kwa mbali, lakini namsikia.

Dada: Kopo hupati. Kesho asubuhi nakupeleka kupimwa masikio, na mgongo tutautafutia dawa nyingine. Randa usiiguse!

Kaka: Siigusi. Salio linaisha, dada—

Dada: Haya, mbembeleze basi!

Kaka: Nitambembeleza. Mwache kwanza alie kido—