Abrahamu Shemboza na Nyumba Iliyoingiwa Bila Hodi

Tarehe 30 Juni 1978 Mzee Abrahamu Shemboza anastaafu, baada ya kuitumikia sinema ya serikali wilayani Lushoto kwa miaka ishirini na sita. Kila kijiji chenye njia ya gari, na vingine visivyo na njia, amekitundikia shuka lake jeupe. Mimi nilikuwa dereva wake, na kwa kuwa hapendi kusifiwa, leo nitamsumbua kidogo.

Alianza enzi za mkoloni, akionyesha filamu za kilimo cha matuta kilicholazimishwa, ambazo wakulima walizitazama kwa hasira. Baada ya Uhuru zikaja za vyoo, za kisomo na za shamba la ujamaa, na watu wakasinzia. Ndipo akaanza kumalizia onyesho kwa filamu ya kutisha iliyoletwa kutoka Tanga: familia ya Wazungu inahamia jumba kuukuu, na mwenye jumba, bibi aliyekufa zamani, bado yumo.

Mzee alikuwa akiieleza kwa Kishambaa kwenye kipaza sauti, na ufundi wake ulikuwa hapo. Alisema mzimu ukionekana mapema watu hucheka. Kwanza waonyeshwe jiko, kitanda, dirisha lisilofungika vizuri, mpaka kila mmoja aione nyumba ile kama kwake. Mlango ukianza kufunguka wenyewe, yeye hunyamaza. Wenzake wa wilaya nyingine walipiga makelele na hawakumtisha hata kuku. Kwa Mzee, wanaume wazima walikwenda kukojoa wawili wawili.

Jambo moja hakulipanga. Wazungu wale waliingia bila hodi, na huku kwetu hilo halivumiliki. Kila tulikokwenda watu walipaza sauti: "Pigeni hodi nyie! Nyumba ina mwenyewe!" Mzee alikuwa akiniambia kwamba hofu yote ya filamu inaanzia pale, kwa mgeni asiyejua kwamba anaonekana.

Mwishoni mwa mwaka 1974 tuliipeleka kwenye kijiji kipya, ambacho sitakitaja. Watu walikuwa wameshushwa kwa amri ya serikali kutoka vitongoji vya juu, na nyumba zao zimeezuliwa wasije wakarudi. Ilipofika sehemu ile ya kuingia, hakuna aliyedai hodi. Ilisikika jenereta tu. Kisha akasimama Bi Mwanamisi, mjane aliyeliacha kaburi la mumewe katika migomba yake huko juu.

"Mwacheni mama wa watu!" akasema. "Nyumba ni yake. Mizimu ni hao walioingia!"

Hakuna aliyecheka. Wanawake walianza kulia, mmoja mmoja.

Asubuhi yake ofisa mmoja alitaka jina la mwanamke aliyeitukana serikali. Sote tulijua kinachomngoja: mahabusu, katika umri ule. Mzee Abrahamu akajibu kwamba maneno yalikuwa yake, ameyasema mwenyewe kwenye kipaza sauti. Kijiji kizima kiliyasikia maneno yale, na kijiji kizima kikakubali kwamba ni ya Mzee.

Aliondolewa kwenye gari, akawekwa stoo kufuta vumbi na kuunga mikanda iliyokatika. Filamu ikarudishwa Tanga. Mara mbili aliambiwa kwamba akimtaja mwanamke yule atapewa gari tena. Mara mbili alirudi stoo.

Masika iliyofuata Bi Mwanamisi alipanda kwake peke yake, akakaa ndani ya kuta zisizo na paa mpaka baridi ikamuua. Mzee aliomba ruhusa, akaenda kusaidia kumchimbia kaburi kando ya mumewe. Alirudi kazini na matope viatuni, akasema amemwokoa na mahabusu na mvua imemchukua. Hajalizungumza tena. Najua linamuuma mpaka leo, na mimi linaniuma.

Mzee wetu, ahsante kwa miaka yote ya barabara mbovu na kicheko chako kibaya. Nyaraka za ofisi hazitasema ulichokifanya, basi nimekisema mimi mbele ya watu. Nenda nyumbani Mlalo kwa amani, wewe na mkeo Mama Raheli. Tunakuombea maisha mema na marefu, chini ya paa ambalo hatatokea mtu wa kuliezua.