Bibi Timazi na Kopo la Sukari la Saa Nne

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa tisa alasiri, mpima mafuta wetu mkuu atatia saini daftari la zamu kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na nne na miezi saba katika kituo hiki cha kufua umeme. Mashine zetu sita zingekuwa na mikono, zingempungia.

Alipoajiriwa aliitwa Dada Timazi. Alipopata mtoto wa pili akawa Mama Timazi, na siku hizi vijana wa karakana wanamwita Bibi Timazi, naye anaitika bila kinyongo. Jina lilitokana na kazi. Kila asubuhi hupanda ngazi ya tangi kubwa, vidato sitini na vinne, hufungua kifuniko cha juu na kuteremsha futi ndefu ya chuma yenye timazi, yaani kipande kizito cha kuinyoosha, nchani mpaka iguse chini. Kisha huivuta taratibu na kusoma mafuta yameishia wapi. Kituo kilinunua vipimo vya kisasa vinavyoonyesha kila kitu kwenye skrini, mtu akiwa amekaa zake kwenye feni. Siku vilipofungwa alivitazama, akavisifu, akapanda ngazi.

Huko juu ndiko alikokuwa akiota. Mafuta yetu ni mazito na lazima yapashwe moto ndipo yatiririke, kwa hiyo kifuniko kikifunguliwa hewa ya juu ya tangi huanza kucheza. Ukimtazama kutoka chini unamwona anatetema kidogo, yeye na anga nyuma yake, futi mkononi, macho kwenye bomba la moshi. Ungemwita mara tatu ndipo aitike. Akishuka alieleza bila aibu kwamba alikuwa anajaribu kuufuta moshi kwa macho, aone kituo kingekuwaje bila huo. Alikiona cheupe, kimya, kando yake maji yanaingia ya baridi na kutoka ya vuguvugu, na hakuna foleni ya malori getini. Wengine walimcheka. Wengine, baada ya kucheka, waliinua macho wakaangalia bomba.

Sasa niwaeleze wageni habari ya Baraza la Saa Nne, maana bila hilo huwezi kumjua mama huyu. Kila siku saa nne asubuhi wafanyakazi wa zamu hukutana kwa chai katika chumba kilicho nyuma ya pampu, penye benchi mbili na dirisha lisilofunga vizuri. Sheria ni moja: aliyeshika kopo la sukari ndiye mwenye kusema, na hakatizwi. Ukitaka kujibu, subiri upewe kopo, hata kama chai yako inapoa bila sukari. Hoja zimekuwa nyingi, lakini iliyorudi miaka yote ni ile ile: tuendelee kuchoma mafuta, au nchi ijenge kituo cha nyuklia?

Upande wa nyuklia ulikuwa na Bibi Timazi. Upande wa mafuta uliongozwa na mwendeshaji mitambo mmoja mbishi, aliyebandikwa jina la Balozi wa Dizeli, ambaye ndiye anayeandika wasifu huu.

Mama alilipenda kopo kwa sababu lilikuwa kielelezo chake pia. Alilinyanyua juu na kusema kwamba kidonge kimoja cha urani, kisichozidi ncha ya kidole, kinafanya kazi ya karibu tani nzima ya makaa ya mawe. Likijazwa vidonge hivyo, kopo hili hili, kwa makadirio yake, lingepumzisha malori kumi na tano ya mafuta. Alipofika hapo alifumba macho. Sauti yake ilishuka, mngurumo wa mashine ukawa kama mvua ya mbali, na hata sisi wapinzani tulijikuta tunaliangalia lile kopo lenye kutu kama lina kitu ndani zaidi ya sukari na sisimizi. Akaendelea kwamba bei ya mafuta inapangwa na watu wasiotujua hata kwa sura. Meli ikichelewa wiki mbili, sisi tunagawa umeme kwa mitaa, na fundi cherehani anarudi kukanyaga pedali. Fundi cherehani huyo ni mumewe, kwa hiyo hoja ilikuwa na shahidi nyumbani.

Balozi akipewa kopo hakuwa na ndoto hata moja. Aliuliza nani atawasha taa kwa miaka kumi na zaidi ya kujenga kituo hicho. Aliuliza masalia yake, yanayobaki hatari maelfu ya miaka, atakabidhiwa nani, na kwa daftari gani la zamu. Alisema mafuta unanunua kidogo kidogo, kama mtu anavyonunua kibaba cha unga, lakini nyuklia ni lazima ununue shamba, ng'ombe na kinu siku moja. Mama alisikiliza kwa heshima, akakoroga chai, akaomba kopo lirudi. Akijibu, alianza kwa kukubali kwamba habari ya masalia inamnyima usingizi. Kisha akauliza moshi wetu nao tumemkabidhi nani.

Mafanikio yake ya kazi ni mengi na ofisi inayo orodha. Mimi nataja mawili. Ni yeye aliyegundua kwamba bomba la kupashia mafuta lilikuwa linapoteza joto njiani, akalivalisha blanketi kuukuu za stoo kwa majaribio, na kituo kikapunguza mafuta ya kuchoma kabla mainjinia hawajamaliza kumcheka. Pia ndiye aliyewafundisha kazi wapima mafuta wote tulio nao leo. Anasifika kwa kumrudisha mtu kileleni mwa tangi kwa kosa la nusu sentimita, tena kwa upole mpaka unamshukuru.

Lipo la tatu, ambalo haliko kwenye orodha, na hapa naomba niache kujificha nyuma ya Balozi. Hilo la tatu ni mimi.

Miaka ishirini na miwili iliyopita, kituo hiki kilizimika asubuhi kweupe. Vijana wanaisimulia habari hiyo kama kichekesho, kwamba watu wa umeme walibishana juu ya umeme mpaka umeme ukakatika. Kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Mashine zetu hunywa kutoka tangi dogo lililo ukutani, ambalo hujazwa kutoka tangi kubwa kila siku kabla ya chai ya saa nne. Anayelijaza ni mtu mmoja kwa zamu, na jina lake huandikwa kwa chaki ubaoni. Wiki ile kengele ya tangi dogo ilikuwa mbovu. Siku ile jina ubaoni lilikuwa langu. Nilikuta baraza limeshaanza, mama ameshika kopo, yuko kwenye vile vidonge vyake, nami nikajiambia nitajaza akimaliza. Nilipopewa kopo nikanogewa na maneno yangu mwenyewe.

Kwanza mngurumo ulipungua. Hatukushtuka, tulidhani ni upepo umegeuka. Mashine moja ikakohoa, ya pili ikafuata, halafu pakawa na kimya ambacho sijapata kukisikia tena humu ndani. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe. Nilisikia ndege nje, nikashangaa, kumbe kituo kina ndege! Tulikaa kama watu walioamshwa kwenye nyumba wasiyoijua, na mimi bado nimeshika kopo.

Mji ulikosa umeme kwa dakika arobaini na moja. Meneja alikuja na karatasi akiuliza nani alikuwa na zamu ya tangi. Nilikuwa na miezi minne kazini, bado wa majaribio, mke wangu ana mimba ya kwanza. Onyo moja tu lingeniondoa. Mdomo wangu ulikataa kufunguka. Mama Timazi, kama alivyoitwa wakati ule, alisema kwamba tulibadilishana zamu asubuhi ile, na kwamba uzembe ulikuwa wake. Kubadilishana lilikuwa jambo la kawaida, meneja akaandika.

Alipewa onyo la maandishi. Wiki nane baadaye ilibandikwa orodha ya watakaopelekwa nje ya nchi kwa mwaka mmoja na nusu kusomea umeme wa nyuklia. Jina lake lilikuwa la kwanza, na lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu. Kanuni ilisema mwenye onyo haendi. Nafasi nyingine ilipotokea, umri wake ulikuwa umepita.

Nilisimama mbele ya ubao ule nikalisoma jina lake chini ya ule mstari. Saa nne ilipofika niliogopa kwenda kwenye chai. Alikuwepo, kopo mkononi, anazungumzia maji ya kupoza mitambo, na aliponiona alinisogezea nafasi kwenye benchi. Hakulitaja jambo lile siku ile wala siku nyingine yoyote.

Wenzangu mmekuwa mkiniuliza kwa nini napinga nyuklia kwa ukali kiasi kile, hadi mishipa ya shingo inasimama. Nitawaambia. Kama nyuklia ilikuwa ndoto tu ya mwanamke anayetazama moshi, basi nilichomnyima kilikuwa ndoto tu, na ningeweza kulala. Hoja zangu nyingine zilikuwa za kweli na bado naziamini. Lakini ukali ulitoka huko. Nilikuwa mwoga, mama akalipia woga wangu, na nimekunywa chai yake miaka ishirini na miwili.

Wiki iliyopita nilipeleka barua kwa meneja nikieleza haya, nikiomba onyo lile litolewe kwenye faili lake liwekwe kwenye langu. Limeshahamishwa. Haliwezi kumrudishia safari, najua.

Kwa desturi ya jarida letu, mstaafu huonyeshwa wasifu wake kabla haujachapwa. Nilimpelekea huu. Aliurudisha kesho yake. Habari ya kosa langu hakuigusa. Alikuwa amesahihisha mahali pamoja tu: niliandika dakika arobaini, naye akaongeza kwa penseli, na moja.

Kisha saa nne akaingia barazani na kunipa kopo. Akaagiza kwamba leo nisemee upande wake, yeye atasemea mafuta. Nikasimama. Nilidhani nitababaika, kumbe nazijua hoja zake zote, mpaka pale anapofumba macho. Nikafumba. Nikakiona kile kituo cheupe, anga tupu juu yake, maji yanatoka ya vuguvugu, na mwanamke wa makamo anapita kwenye veranda na cheti chake mkononi, anatembea polepole kama mtu asiye na haraka tena. Nilisema kwa dakika ishirini. Nilipofumbua macho mama alikuwa anajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Alitamka jambo moja tu, kwamba malori nimeyapatia, ni kumi na tano.

Kwa wanaotaka kujua mipango yake: mumewe ametoboa siri kwamba paa la nyumba yao limefungwa sola, cherehani imeshaunganishwa, na pande zote mbili za baraza zimesalitiwa. Tutalijadili hilo barazani bila yeye. Hatutaliweza.

Mama, kituo kizima kinakushukuru, na mimi nakushukuru peke yangu, mbali na kituo. Nenda ukaishi vizuri, ukalale mchana, ukaote unavyotaka bila mtu wa kukuita mara tatu. Ijumaa ile tutakunywa chai nawe kwa mara ya mwisho, na hutahitaji kutega sikio kama mashine zinapungua. Nitakuwa nimelijaza tangi dogo mwenyewe, na kulipima.