Spea Zipo: Safari ya Baba Yetu, Muuza Matrekta

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitindamimba wa marehemu na fundi katika duka lake, familia imenituma niwasomee safari ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Spea, naye akaitika bila kinyongo.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mkulima wa jembe la mkono, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, mwaka 1970 akaingia karakana ya shamba kubwa la mahindi, akajifunza ufundi wa matrekta, na tarehe 18 Desemba 1976 akafunga ndoa na mama yetu, mshonaji, wakajaliwa watoto wanne.

Mei 1984 alifungua duka la zana za kilimo, akidhani kinachohitajika ni matrekta mawili na kibao cha jina, lakini trekta la kwanza aliloliuza liliharibika pampu ya dizeli katikati ya msimu wa kulima, na stoo haikuwa na hata nati, ndipo akafungua pampu ya lile lililobaki dukani, akamfungia mteja wake, na trekta jipya likakaa mlangoni miezi saba, linameremeta na haliwaki. Tangu hapo mapato yalitangulia kwenye vipuri, mafunzo ya mafundi na gari la kuwafuata wateja shambani, rangi ya duka ikasubiri miaka tisa, na kila aliyemletea mashine mpya aliulizwa, "Spea zipo?" Hata mume wangu alipokuja kuposa aliulizwa hivyo hivyo, na hadi leo hajui ajibu nini.

Aprili 2025 moyo ulianza kumsumbua, daktari akaeleza kwamba umechoka, baba akauliza kama spea zipo, daktari akacheka, kisha akatikisa kichwa, nasi tukaelewa. Hakuogopa kufa, aliogopa duka kunyang'anywa uwakala wa kuuza matrekta, maana mkataba unadai fundi mkuu mwenye cheti cha watengenezaji, na cheti hicho alikuwa nacho yeye peke yake, hivyo akanifundisha akiwa kitandani, pampu juu ya shuka, muuguzi akigombana nasi kwa sababu ya grisi. Nilifanya mtihani wa cheti hicho tarehe 4 Septemba, naye akafariki Jumanne tarehe 9, saa nne asubuhi, bila kujua matokeo.

Tunawashukuru madaktari na muuguzi yule mvumilivu, majirani waliopika na kulala nasi, mafundi wenzangu, na wakulima mliokuja leo na matope ya shamba kwenye viatu.

Matokeo yalifika jana mchana, nimefaulu, na Jumatatu saa mbili kamili duka litafunguliwa.

Spea zipo, Baba. Pumzika kwa amani.