Mkono Wangu wa Kushoto

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe kwa mikono yote miwili. Najua mnasubiri niseme habari za ugonjwa au za biashara. Leo nimesimama kumshukuru Mungu kwa sababu ya mkono wangu wa kushoto. Msicheke kwanza.

Mnanijua. Mimi ni Mama Upendo, nauza unga wa ulezi na wa mahindi hapa sokoni Sumbawanga. Mume wangu anafanya biashara ya samaki, migebuka, siku nyingi yuko ziwani Kipili, kwa hiyo nyumbani tuko wawili, mimi na Upendo wangu wa darasa la pili. Na mnajua kwamba katika kanisa hili hakuna maombi yaliyonipita. Jioni nikifunga meza, nampitia mtoto kwa jirani, tunakuja hapa. Leo kwaya, kesho maombi ya akina mama, kesho kutwa kwaya tena. Upendo alikuwa analala kwenye benchi lile la nyuma, amejifunika kitenge changu, maana baridi ya huku mnaijua. Daftari lake nalo limelala kwenye begi.

Kazi ya nyumbani tulikuwa tunaikumbuka asubuhi. Uji uko jikoni, mtoto anatafuta soksi, na mwalimu ametaka maneno matano. Nikaona mwanangu asiaibike. Nikachukua penseli, nikaandika mwenyewe. Na kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, najisifu lakini ni kweli, niliogopa mwalimu atashtuka. Basi nikawa naandika kwa mkono wa kushoto, ili herufi ziyumbe kama za mtoto. Upendo anakunywa uji, ananitazama. Ndugu zangu, na Jumapili mimi huyohuyo nawafundisha watoto wenu kwamba uongo ni dhambi!

Daftari likajaa alama za vema, nami nikawa naringa nalo sokoni. Mwalimu aliponiita shuleni nilijua nakwenda kupongezwa. Nilivaa kitenge kipya. Mwalimu ni dada mpole. Akafungua daftari, akasema, "Mama Upendo, nyumbani mtoto anapata yote. Darasani hata jina lake halimalizi. Muhula ukiisha hivi, hapandi la tatu."

Nikaja juu. Nikamwambia mwanangu anajua, labda huku anaogopeshwa. Mwalimu hakubishana. Akamwita Upendo, akampa chaki, akamwambia aandike ubaoni neno "maziwa", kama alivyoliandika kwenye kazi ya nyumbani.

Mtoto akaipokea chaki kwa mkono wa kulia, kama nilivyomfunza kupokea vitu. Akanitazama. Kisha akaihamishia mkono wa kushoto.

Mwalimu akamuuliza, "Upendo, si huwa unaandika kwa kulia?"

Akajibu kwa adabu kabisa, "Darasani kwa kulia, mwalimu. Ya nyumbani inaandikwa kwa kushoto."

Ndugu zangu, nilitamani ardhi inimeze na kitenge changu kipya. Kumbe kila asubuhi nilikuwa namfundisha, na alikuwa ananielewa vizuri.

Njiani nilitaka kumpiga. Nasema kweli mbele za Mungu, nilitaka kumpiga kwa kuniumbua. Tulipofika karibu na mashine ya kusaga akanishika mkono, akauliza, "Mama, nilikosea mkono?" Hapo ndipo Bwana aliponikamata. Nikachuchumaa palepale barabarani, watu wanapita na mifuko yao ya mahindi, nikalia. Nikamwambia, "Wewe hukukosea. Aliyekosea ni mama." Nikamwomba msamaha mtoto wa darasa la pili, kisha nikamwomba Mungu. Nilisimama nikiwa mwepesi.

Lakini kutubu ni siku moja, kulea ni kila siku. Tukakubaliana hivi: nikishainjika maharage, Upendo anakaa kwenye kigoda karibu nami na daftari lake, na anaandika huku maharage yakichemka. Mnayajua maharage, hayana haraka. Siku ya kwanza aliandika maneno mawili na akalia mara mbili. Mikono ikaniwasha kuchukua penseli. Nikachukua ungo, nikaanza kuchambua maharage ya kesho, ili tu mikono iwe na shughuli. Akikwama namwambia, "Soma tena mama, taratibu." Siku ya pili alikataa kabisa kukaa. Ya tatu akakaa. Baada ya wiki kadhaa, akisikia tu naosha sufuria, anakwenda kuleta kigoda bila kuitwa.

Kiongozi wetu wa kwaya aliniuliza, "Mama Upendo, mbona umepoa? Umerudi nyuma?" Nikamjibu, "Mpendwa, sijarudi nyuma, nimerudi nyumbani. Kwaya nitakuja Jumamosi." Alininunia. Leo tumepatana, yule pale anacheka.

Kazi ya kwanza aliyoandika mwenyewe ilirudi na makosa matatu kati ya matano. Nililibusu lile daftari! Vema mbili zile zilikuwa za kwake. Na muhula ulipoisha, mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Amejitahidi. Apande darasa la tatu." Utukufu kwa Mungu!

Juzi soko lilinichelewesha. Nampitia Upendo kwa jirani, namkuta amesimama mlangoni. Hakuniuliza nimemletea nini. Aliniuliza, "Mama, maharage utainjika saa ngapi? Nina kazi."

Ndugu yangu mzazi, inawezekana hata wewe umeshika penseli ya mtoto wako, au unasema utakaa naye kesho. Iweke chini. Kaa naye leo, na usiyaogope makosa yake. Mwamini Mungu, kisha mwamini na huyo mtoto aliyekupa.

Asante Yesu kwa kunivumilia. Sasa mniruhusu nitoke kabla ya wimbo wa mwisho. Kesho ni shule, maharage nimeshayaloweka, na mwenye kigoda chake ameshavaa begi, ananisubiri pale mlangoni.