Kwa Nini Tauno Alishika Gitaa Jekundu

“Hilkka, hivi mumeo anambadilishia nani gitaa?”

Swali hilo aliuliza Saimi Kekäläinen, jirani wa ng’ambo ya barabara, mwezi Julai mwaka 1974, siku ambayo yeye na mke wa marehemu walikuwa gatini, kando ya ziwa, wakisugua mazulia. Aliuliza bila kuinua macho, brashi ikiendelea kwenda mbele na nyuma, na Hilkka akaendelea kusugua. Lakini swali lilimfuata Hilkka mpaka nyumbani, likakaa humo muda mrefu. Na kwa kuwa wengi mliokusanyika hapa mmewahi kuliuliza vilevile, ila pembeni, ni haki lijibiwe leo mbele yenu kwa niaba ya marehemu, maana mwenyewe hakuwa mtu wa kujijibia.

Tauno Olavi Ihalainen alizaliwa tarehe 9 Februari 1934 katika kijiji chetu hiki cha Petäjälahti, mkoa wa Savo ya Kaskazini, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Heikki na marehemu Hilma Ihalainen. Alizaliwa ndani ya sauna, chumba cha kuogea mvuke, kama dada yake Lempi kabla yake. Baba yao alikwenda vitani na mwaka 1942 akarudishwa katika jeneza. Amelala hatua chache kutoka hapa atakapolala mwanawe leo. Mama Hilma aliwalea wawili hao kwa ng’ombe mmoja, viazi, na neema ya Mungu.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1941 hadi 1947. Huko ndiko alikotengeneza gitaa lake la kwanza, kwa kasha la siagi na uzi wa kuvulia samaki. Kwa bahati mbaya, wiki hiyohiyo mwalimu alikuwa amepotelewa na uzi wake wa kuvulia.

“Uzi huu umeutoa wapi, Tauno?” mwalimu akamuuliza mbele ya darasa.

“Uzi unaweza kuwa umetoka mahali,” akajibu Tauno.

Sisi watu wa Savo tunajua jibu la namna hiyo. Ukitaka lililonyooka, ukaulize mkoa mwingine. Mwalimu alimsimamisha kwenye kona siku nzima, na tangu hapo wenzake wakawa wanachungulia mifuko yao kila anapopita. Ilipofika Pasaka ndipo ilipojulikana kwamba aliyempa uzi ni mke wa mwalimu mwenyewe, akimwomba asimtaje. Tauno hakumtaja. Alikuwa hivyo maisha yake yote: alikubali kushukiwa kuliko kusema neno aliloombwa, au alilojiapiza mwenyewe, asiliseme.

Mwaka 1950 aliingia kazi ya kukata miti. Alianza kwa shoka na msumeno wa mkono, na mwaka 1959 akapewa msumeno wa injini, wa aina ile ya zamani iliyotetemeka hata meno ya mtu yakagongana. Siku za Jumamosi za kiangazi alipiga gitaa katika bendi ya Urho Pasanen, mpiga kodiani, kwenye ukumbi wa dansi ulio kando ya ziwa. Wanaomkumbuka wanasema alisimama kushoto kwa Urho, akitazama viatu vyake, na kwamba nyimbo zake za tango, dansi ile ya polepole na ya huzuni, ziliwatoa machozi wanaume ambao hawakulia hata kwenye mazishi ya mama zao.

Tarehe 23 Juni 1962, Jumamosi ya sikukuu ya kiangazi, alifunga ndoa na Hilkka Hyttinen katika kanisa letu. Jamaa ya Hilkka ni watu wa uamsho. Wao huimba zaburi kwa utaratibu wao wa polepole, na dansini hawaendi. Baba mkwe, mzee Antti, aliridhia ndoa, maana Tauno alikuwa mchapakazi na hakunywa pombe. Ila mezani, siku ile ile ya harusi, kahawa ikiwa imekwisha kumiminwa, aliweka kikombe chini akasema, “Mkono unaowapigia watu dansi, Bwana ataukausha.”

Watu waliendelea kukoroga kahawa. Tauno naye alikoroga yake. Hilkka alidhani maneno yale yamepita, kama yalivyopita mengi ya baba yake, ambaye alifariki mwaka 1969 bila kuyarudia.

Walikaa kwa amani. Jumamosi jioni Tauno alikwenda dansini na gitaa lake jeusi, mkewe akaenda kwenye sala, wakakutana nyumbani. Halafu, kiangazi cha mwaka 1973, Tauno akanunua gitaa la pili, jekundu, akawa anabeba yote mawili.

Hapo ndipo macho ya kijiji yalipofunguka. Mnajua taratibu za ukumbi wetu: mwanamume anamwomba mwanamke, wanacheza nyimbo mbili, anamshukuru na kumrudisha alipomtoa. Halafu inakuja zamu ya wanawake, wao ndio wachague. Basi ikaonekana kwamba Tauno anaanza na jeusi, na ikifika zamu ya wanawake analiweka chini, anashika jekundu, na tango zinakuwa za huzuni zaidi. Na ilikuwa karibu na zamu hiyo ndipo alipokuwa akiingia Raili Toivanen, mkamuaji wa ng’ombe wa shamba kubwa, mjane, nywele bado zina unyevu wa sauna. Watu wakahesabu wenyewe.

“Sisemi kitu,” Saimi alimwambia Hilkka pale gatini, baada ya kuona hajibiwi. “Mimi na mdomo wangu hatusemi kitu. Ila mwenye macho anaona. Raili akiingia mlangoni, jekundu linapanda begani.”

“Labda nyuzi zimelegea.”

“Zinalegea Raili akitokea? Basi hizo nyuzi zina akili, bibi wee! Na pete yake iko wapi?”

Hilkka alisimamisha brashi. Pete ya ndoa haikuwa kidoleni mwa Tauno tangu majira ya baridi. Alisema msimamizi wa kazi amekataza pete msituni, na mkewe alikubali. Lakini dansini hakuna msimamizi.

Jioni hiyo alimuuliza, kwa upole kama ilivyo desturi yake, kwa nini siku hizi anabeba magitaa mawili. Tauno akasema unyevu wa ziwa hulegeza nyuzi, na mpigaji hawezi kusimamisha dansi ili azikaze. Wiki iliyofuata Hilkka alikutana na Urho dukani, akamuuliza na yeye. Urho akatazama dari.

“Gitaa moja lina sauti nene, jingine nyembamba. Wimbo ndio unaochagua, mama. Kila mpigaji hufanya hivyo.”

Na wifi yake Lempi alikuwa ameambiwa na Tauno huyohuyo kwamba uzi ukikatika katikati ya wimbo lazima liwepo la akiba. Majibu matatu, na kila moja ni la kweli kwa wapiga magitaa wa dunia nzima. Hilkka aliyapanga kichwani akaona kwamba mtu mwenye sababu moja ya kweli hahitaji tatu. Tangu hapo alianza kunusa kola za mashati kabla ya kuyaloweka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliona kwamba Tauno anavaa glavu za sufu hata mwezi Juni, akiendesha baiskeli. Aliona kwamba mezani anashika kikombe kwa viganja viwili kama mtoto, na kwamba mkono wa kushoto anauficha chini ya meza anapoongea. Kila alichokiona kilizidi kumwelekeza kwa Raili. Kanisani alikaa nyuma yake, akitazama shingo yake wakati wa sala, kisha akamwomba Mungu msamaha, kisha akatazama tena.

Ilikwenda hivyo miaka miwili. Mwishoni mwa Agosti mwaka 1976, Tauno alipokwisha kuondoka kwenda dansini, Hilkka alikuta amesahau glavu zake juu ya jiko. Alizichukua. Alijiambia anampelekea glavu. Alivaa kitambaa chake cheusi cha sala, akapanda baiskeli, na kwa mara ya kwanza maishani akasimama kwenye ua wa ukumbi wa dansi, karibu na kibanda cha kahawa, nje ya uzio.

“Yesu na Maria! Hilkka Ihalainen!” akasema mwenye kibanda. “Dunia inaisha leo au kesho?”

“Nipe kahawa,” akasema Hilkka, “na usinitangaze.”

Ilikuwa jioni ya baridi isiyo ya majira yake, ukungu umelala ziwani mapema. Jua lilikuwa bado juu ya miti. Zamu ya wanawake haijafika, na Raili hayupo. Hilkka alitazama kila uso. Na hapohapo, baada ya nyimbo mbili tu, Tauno aliweka jeusi chini akashika jekundu.

Hilkka hakufurahi. Alishuku zaidi, kwamba labda si Raili, ni mwingine, yuko humu ndani na anacheka. Akamtazama mumewe tu, asitazame tena wanawake. Akaona kwamba kwenye gitaa jeusi vidole vya Tauno vilikuwa vimetawanyika, kila kimoja na kazi yake, lakini kwenye jekundu analaza kidole kimoja kukata nyuzi zote, anakisogeza juu na chini, basi. Vingine vimesimama tu kama miti. Wimbo ulipoisha Urho akamnong’oneza kitu, na Tauno akashuka nyuma ya jukwaa.

Hilkka alizunguka nyuma. Alimkuta ameketi kwenye kreti la chupa, peke yake, vidole vya mkono wa kushoto vimekumbatia kikombe cha maji ya moto. Vidole vitatu vilikuwa vyeupe kama mshumaa wa altare.

“Tauno.”

Aliruka hata maji yakamwagika. Akauficha mkono kwapani.

“Ninayo bahati mbaya ya kuonekana,” akasema.

“Nionyeshe mkono.”

“Mkono ni mkono.”

“Tauno, leo usinijibu Kisavo. Nionyeshe.”

Akautoa. Hilkka alivigusa vile vidole, na vilikuwa vimekufa baridi, havikujua kama vimeguswa. Tauno akasema ulikuwa msumeno. Wengi msituni wanao, ile mitetemo inaua damu vidoleni, na baridi ikija tu vinazimika. Jua likishuka nyuma ya miti na ubaridi wa ziwa ukipanda, hawezi tena kushika nyuzi za jeusi. Kwa hiyo nyuzi za jekundu amezikaza kwa namna yake, hata likipigwa wazi, bila kubonyezwa uzi, linatoa sauti kamili ya tango, kidole kimoja kinatosha. Na zamu ya wanawake huangukia saa ileile ya baridi. Raili akija na ng’ombe wake wote, yeye hamwoni.

“Na pete?”

Akageuza mkanda wa gitaa jekundu. Ndani yake, penye kugusa bega, ilikuwa imeshonwa pete ya ndoa kwa uzi wa viatu. Kidoleni ilikuwa inabana damu, akasema, na mfukoni ingepotea.

“Miaka yote hii hukuniambia! Kijiji kizima kinanicheka, mimi nanusa mashati, na wewe umenyamaza!”

Tauno alitazama viatu vyake.

“Baba yako alisema Bwana ataukausha,” akasema. “Ukauka. Niliogopa na wewe utasema ni Bwana.”

Hilkka binti Antti, aliyelelewa kuliheshimu neno la baba yake kama jambo la kanisani, alisimama pale huku ndani Urho akijaza muda kwa kodiani yake peke yake. Alijua kwamba mume wake anasubiri hukumu, na amekuwa akiisubiri tangu kidole cha kwanza kilipogeuka cheupe. Akavichukua vidole vile akaviingiza ndani ya glavu za sufu, akavishika hapo.

“Msumeno hukupewa na Mungu,” akasema. “Ulipewa na kampuni. Baba alikosea. Sasa nenda ukapige, watu wamelipa.”

Tangu jioni hiyo Hilkka aliketi nyuma ya jukwaa kila Jumamosi, juu ya kreti, na chupa ya maji ya moto na jozi mbili za glavu. Hakucheza hata siku moja, na sala ya Jumapili hakuikosa. Jamaa zake walisema walichosema. Saimi alipoelezwa habari ya vidole, alisema, “Vidole! Na wewe umeamini?” na hadi leo, akiwa ameketi hapo safu ya tatu, hatujui kama ameamini yeye.

Mwaka 1979 marehemu aliacha msitu, akawa mtunza tanuri la kanisa hili. Joto mlilosali nalo miaka kumi na mitano lilitoka mikononi mwake. Alipiga gitaa jekundu hadi mwaka 1991.

Moyo wake ulianza kuchoka majira ya kuchipua ya mwaka 1995. Alilazwa mjini Kuopio mara kadhaa, akarudi, akala mkate wake uliookwa na samaki ndani, akalalamika kwamba kahawa ya hospitali ni maji ya kuoshea sakafu. Mara ya mwisho alilazwa tarehe 14 Novemba. Alifariki asubuhi ya Alhamisi, tarehe 21 Novemba 1996, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, mkono wake wa kushoto ukiwa katikati ya mikono miwili ya Hilkka.

Ameacha mjane, Hilkka, watoto watatu, Marjut, Veikko na Tuija, wajukuu wanne, dada yake Lempi, na Urho Pasanen, ambaye wakati wa kahawa ya mazishi atatupigia zaburi kwa kodiani, akiacha nafasi tupu kushoto kwake. Bwana aliyemuumbia mikono yote miwili ampokee kwa yote miwili, na ampe raha.

Siku mbili kabla ya kufa alimwomba mkewe jambo moja, na limetimizwa kabla ya jeneza kufungwa. Alisema hivi: “Hilkka, fumua ule mkanda. Unirudishie pete kidoleni. Hakitauma tena.”