Boti Tuliloliburuta Mpaka Muze

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za tangu ibada? Padri ameniomba niseme kwa ufupi, na mume wangu pale nyuma anacheka maana ananijua. Cheka tu, baba watoto. Leo nasema yote, ila majina ya watu sitayataja.

Mimi si mzaliwa wa huku juu. Nimezaliwa ng'ambo ya Ziwa Rukwa. Kaka yangu ndiye aliyenivusha kwa mtumbwi nije kuolewa. Akanikabidhi hapa, akala, akaaga. Wakati wa kurudi upepo ukampindua, hakuonekana tena. Tangu siku ile nikaapa sitakanyaga mtumbwi, na mama yangu akabaki kule peke yake. Ndugu zangu, nawaambieni, miaka sita kila nikitoka kulima matuta nilisimama pale ukingoni panapoonekana bonde lote, nikaangalia ziwa linavyong'aa, na ng'ambo yake siioni. Nilimtamani mama yangu mpaka moshi wa jiko lake. Wauza samaki waliopanda kutoka Muze, kule chini ziwani, waliniletea salamu zake: “Mama anauliza, unakuja lini?” Nami nawajibu, “Mwambieni nakuja.” Nakuja na nini?

Siku moja dereva wa lori la ushirika akaniambia kwamba kule Kirando, kwenye Ziwa Tanganyika, kuna mzungu wa mambo ya samaki, mkataba wake umekwisha, anauza boti lake. Si la mbao. Ni la faibaglasi, ile plastiki ngumu, lina maboya mawili marefu na juu yake sakafu tu ndiyo ya mbao.

“Hilo, mama, hata mkicheza ngoma juu yake halipinduki.”

Basi nikamganda mume wangu, hana pa kupumulia. Akauza maksai wetu wote wawili, tukabaki na majembe ya mkono. Watu wakasema nimemroga. Boti likapanda juu ya lori, limefungwa kamba, likapita Namanyere mpaka hapa kijijini, na mimi nimekaa ndani yake kama bibi harusi!

Lakini mvua zilikuwa zimeila barabara ya mteremko wa Muze, lori halishuki. Mwenyekiti wa kijiji akasema tungoje kiangazi. Nani angoje, mimi? Nikapika pombe ya ulezi, nikaita watu. Mnajua mtumbwi unavyotolewa msituni: unafungwa kamba, watu wanaimba, unaburutwa mpaka majini, na mti haudhuriki. Nikasema hili nalo tuliburute vivyo hivyo.

Dereva akaniambia, “Mama, chombo hiki si mti. Kibebeni.”

Nikamjibu, “Wewe shika usukani wako. Mimi nimezaliwa ziwani.” Jamani, mdomo huu!

Tuliliburuta siku mbili kwenye mawe ya mteremko ule. Tulipolisukuma majini likaelea kidogo, halafu nikaona maji yanapanda taratibu kwenye mbao. Tukalivuta, tukaligeuza. Matumbo ya maboya yote mawili yalikuwa yamelika, ngumi inaingia. Hapo mdomo wangu ukafunguka. Nilitukana watu waliochubuka mikono kwa ajili yangu. Niliwaita watu wa milimani wasiojua maji. Dereva nikamwita tapeli. Mume wangu nilimwambia maneno ambayo hapa mbele ya msalaba siwezi kuyarudia.

Boti likaachwa Muze kwenye banda la mtu, kuku wanataga ndani. Mimi nikajifungia. Miaka miwili sikukanyaga shamba la kijiji, kanisani sikuja, na pombe niliyokuwa nawapikia watu nikawa najipikia mwenyewe. Salamu zilizidi kupanda kutoka ziwani. Mwisho mama akaacha kuuliza nakuja lini. Akawa anasema tu, “Nisalimieni wajukuu.” Hapo nililia mpaka sauti ikakauka.

Halafu jirani yetu akashikwa na uchungu, mtoto hatoki. Akalazwa kwenye machela apelekwe hospitali mjini Sumbawanga. Kwetu machela ikipita kila nyumba inatoa bega, mnajua, na siku ile mume wangu hakuwepo. Nikatoka mwenyewe. Nilidhani watanifukuza, lakini mtu mmoja alisogea tu, nikaingiza bega langu. Aliyekuwa mbele yangu ni yule dereva. Tulitembea kitambo, nikamwambia mgongoni kwake, “Nisamehe, baba. Nilikukosea.”

Hakugeuka, maana mwenye machela hageuki. Akasema, “Dawa ya boti lako ipo Kirando siku zote. Mafundi wana gundi yake na kitambaa chake. Nilikuwa nangoja unisemeshe.”

Jirani akajifungua salama. Juma lile nikaenda shamba la kijiji, nikaomba radhi mbele ya wote. Mzee mmoja akasema, “Tulijua ni kiu ya mama. Shika jembe.” Mafundi wakaja, wakayaziba maboya yale. Kutoka bandani mpaka ziwani boti halikugusa ardhi. Lilibebwa mabegani, wakipokezana, na wabebaji ni wale wale niliowatukana.

Nikavuka, nimeng'ang'ania ubao, macho nimefumba. Nilimkuta mama amekaa mlangoni anachambua mboga. Nikasema, “Shikamoo, mama.” Akajibu, “Marahaba. Nani mwenzangu?” Na mimi nimesimama mbele yake, jua linanipiga usoni! Akanipapasa pua, masikio, mashavu, kisha akapiga yowe akanikumbatia. Nilimuuliza tangu lini haoni. Akasema tangu mvua zilizopita.

Nawashukuru nyote mlionipa mabega. Nakushukuru, mume wangu, uliyelima kwa mkono na hukunirudisha kwetu. Mama sasa tunaishi naye, ananisikia, ananigusa, namshukuru Mungu. Lakini wewe uliyenuniana na mtu humu ndani, mfuate leo leo, kabla hujafika nyumbani. Maana miaka ile niliyokaa nimenuna, mama yangu alikuwa bado anaona. Ningekwenda mapema, angeniona.